Ukifungiwa gari klampu, ukate rufaa wapi? Mwongozo kamili wa kubadilisha sheria ya kupinga faini za maegesho Mombasa

Asubuhi ya siku ya kazi, mahali kama Digo Road karibu na Marikiti, si ajabu kumkuta mtu amesimama kando ya gari lake, simu sikioni, na gurudumu la mbele limekumbatiwa na klampu, chuma cha kuzuia gari lisiondoke. Ana njia mbili: alipe aende zake, au abishane apoteze siku. Wengi hulipa. Hulipa hata yule mwenye meseji ya M-Pesa inayoonyesha kwamba alilipia maegesho dakika kumi kabla. Hajakubali kosa. Mzigo wa mteja umo ndani ya buti, na mteja anasubiri Likoni.

Mwongozo huu haumsaidii mtu huyo leo. Ni wa yule anayetaka wa kesho awe na pa kwenda: mlango, dirisha, namba ya simu, mtu wa kumsikiliza na siku ya mwisho ya kujibiwa.

Nianze na jambo ambalo nitalirudia mpaka uchoke. Malalamiko mengi ya maegesho hufa kwa sababu tunamlalamikia askari, au tunalalamikia kiwango cha ada. Askari atahamishwa, aje mwingine. Ada itapunguzwa kidogo mwaka wa uchaguzi, ipande baadaye. Utaratibu utabaki ule ule. Kinachobadilisha utaratibu ni kifungu cha sheria, mistari kumi hivi iliyoandikwa vizuri. Ukienda kwa waheshimiwa wa Bunge la Kaunti na hasira, watakusikiliza na kukupa pole. Ukienda na kifungu kilichokwisha kuandikwa, itabidi wakikubali au wakikatae, na vyote viwili huingia kwenye kumbukumbu.

Kwanza, jua kinachokubana kimeandikwa wapi

Usiandike barua yoyote kabla ya hatua hii. Sheria ya maegesho haiko mahali pamoja. Imejipanga kama gorofa za Mji wa Kale, moja juu ya nyingine, na kila gorofa ina mwenyewe.

Juu kabisa kuna Katiba ya 2010. Jedwali la Nne linazipa kaunti kazi ya trafiki na maegesho, kwa hiyo usipoteze nauli kwenda kwa mbunge wako wa kitaifa. Mwenye kazi ni kaunti. Ibara ya 210 inasema kodi au ada ya leseni haitozwi, haisamehewi wala haibadilishwi ila kwa sheria. Ibara ya 209 inaruhusu kaunti kutoza malipo kwa huduma inazotoa.

Chini yake ziko sheria zilizopitishwa na Bunge la Kaunti. Hapa angalia mbili. Ya kwanza ni ile inayosimamia maegesho yenyewe: nani aweza kufunga gari, lini livutwe, lipelekwe yadi gani. Ya pili ni Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo hupitishwa kila mwaka na ina jedwali la viwango. Bei ya kufunguliwa klampu, bei ya kuvutwa na bei ya kulala yadi hukaa humo, kwa kawaida kwenye kurasa za mwisho ambazo hakuna anayezisoma.

Kisha kuna kanuni, zinazoandikwa na waziri wa kaunti kwa mamlaka aliyopewa na sheria. Na chini kabisa kuna mazoea. Haya hayajaandikwa popote. "Hatuangalii meseji, lipa kwanza" ni mazoea. "Njoo Jumatatu, bosi hayupo" ni mazoea pia. Tofauti hii ni muhimu, kwa sababu mazoea hayahitaji mswada kubadilishwa. Barua moja nzito yaweza kutosha.

Sheria za kaunti hupatikana kwenye tovuti ya Kenya Law na katika Gazeti Rasmi la Serikali, na karani wa Bunge la Kaunti ndiye mtunzaji wa nakala. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, basi mtafute kijana anayesomea sheria mkae naye jioni moja. Someni mkiwa na penseli, mkitafuta majibu ya maswali haya tu: Je, mwenye gari ana haki ya kupinga? Kwa nani? Ndani ya siku ngapi? Asipojibiwa inakuwaje? Akishinda, pesa zinarudi vipi? Palipo na jibu, nukuu namba ya kifungu. Pasipo na jibu, hapo ndipo kazi yako ilipo.

Kuna kichekesho kimoja utakachokigundua. Mtu akishtakiwa mahakamani kwa kosa la barabarani, hata dogo, husomewa shtaka, hukana akitaka, shahidi huitwa na kuulizwa maswali, na hakimu ndiye anayeamua. Mtu akifungwa klampu, aliyemkamata, aliyemhukumu na anayeshika ufunguo wanaweza kuwa mtu mmoja, kando ya barabara, ndani ya dakika tano. Na pale ambapo hakuna mlango wa rufaa, maongezi yote huishia pale pale kando ya gari, na sote twajua maongezi hayo huelekea kwenye chai. Weka hoja hii akilini. Mheshimiwa asiyejali wenye magari aweza kujali mapato yanayovuja.

Haki yenyewe tayari unayo

Usiende kuomba fadhila. Ibara ya 47 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutendewa na serikali kwa haraka, kwa ufanisi, kisheria, kwa busara na kwa utaratibu wa haki, na ikiwa haki yake imeguswa vibaya, apewe sababu kwa maandishi. Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 imefafanua zaidi. Kifungu cha 4 kinataja notisi ya mapema, nafasi ya kusikilizwa, kuelezwa kama kuna haki ya mapitio au rufaa ya ndani, na kuonyeshwa ushahidi utakaotumika dhidi yako.

Kwa hiyo ombi lako halisemi "tupeni haki ya kupinga." Linasema: haki ipo tangu 2010, tuwekeeni utaratibu wa kuitumia. Ya kwanza ni siasa na watu wataigombania. Ya pili ni kazi ya ofisi, na ni vigumu sana mtu kusimama hadharani kuipinga.

Kusanya ushahidi, lakini si ule unaoufikiria

Hadithi kumi za kusikitisha hazifiki mbali. Kamati itauliza: ni wangapi? Hapo ndipo Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inapokuja na faida zake. Ombi la habari laweza kuandikwa kwa Kiswahili, sheria yenyewe inasema hivyo. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Waweza tu kutozwa gharama ya kutoa nakala. Ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21, na ikihitaji muda zaidi yaweza kuongeza mara moja tu, zisizidi siku 14. Ikikataa au ikinyamaza, unapeleka lalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, ile tunayoiita Ombudsman.

Omba tarakimu, usiombe maelezo. Maelezo hujibiwa kwa maelezo. Barua yako iwe fupi hivi:

"Kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nipewe, kwa kipindi cha miezi 12 iliyopita: (a) idadi ya magari yaliyofungwa klampu na idadi ya yaliyovutwa, kwa kila mwezi na kwa kila kaunti ndogo, (b) jumla ya fedha zilizokusanywa kutokana na kufungua na kuvuta, (c) idadi ya malalamiko yaliyopokelewa, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, (d) idadi ya waliorudishiwa fedha na jumla yake, (e) nakala ya mwongozo wowote wanaopewa maafisa kuhusu kushughulikia malalamiko, (f) ikiwa kuna kampuni iliyopewa kazi hii, jinsi inavyolipwa."

Swali la (f) ndilo lenye moto. Kampuni inayolipwa kwa kila gari inalofunga ina sababu ya kufunga magari mengi. Inayolipwa mshahara wa mwezi haina. Mkataba hukuambia zaidi kuliko hotuba.

Ombi liandikwe nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine wanapiga muhuri wa kupokea, wenye tarehe. Bila muhuri, siku 21 hazina mwanzo.

Huku ukisubiri, weka daftari mtaani. Tafuta watu watatu wanaokaa mahali pamoja siku nzima: mwenye duka Biashara Street, mlinzi wa jengo Nkrumah Road, muuza madafu wa Mwembe Tayari. Kila mmoja aandike kwa mwezi mmoja: tarehe, saa, gari la aina gani, kibao cha maegesho kinaonekana au kimefutika, dereva alisema nini, ilichukua muda gani kufunguliwa. Usiandike namba za magari ya watu wala majina yao. Huzihitaji, na zitakuletea mashaka ya faragha. Piga picha za vibao na za mistari ya rangi iliyofutika barabarani. Kibao kisichosomeka ni ushahidi usiohitaji kuapishwa.

Kifungu chenyewe: hapa kaa sana

Hii ndiyo sehemu ambayo wengi huiruka wakidhani ni kazi ya mawakili. Wakili atasafisha lugha. Fikra lazima ziwe zako.

Kabla ya kuandika, tazama waliotangulia, maana swali la kwanza kamatini litakuwa: hili limefanyika wapi?

Uingereza, kwa halmashauri za England, mwenye gari akipeleka pingamizi rasmi baada ya kutumiwa notisi ya kudaiwa faini, halmashauri ina siku 56 za kujibu. Isipojibu ndani ya muda huo, inahesabiwa kuwa imekubali pingamizi. Ikikataa, ana siku 28 za kukata rufaa kwa jopo huru, na rufaa haina ada. Anayelipa mapema, ndani ya siku 14, kwa kawaida hupunguziwa nusu. Na gari likiwa limefungwa au kuvutwa, mtu hulipa alichukue, kisha bado ana siku 28 za kupinga.

California, Marekani, sheria ya magari ya jimbo ina ngazi tatu. Kwanza mapitio ya bure, yanayoombwa ndani ya siku 21 tangu notisi. Asiyeridhika huomba kusikilizwa, tena ndani ya siku 21. Kwa kawaida lazima aweke kwanza kiasi cha faini, lakini asiye na uwezo ana njia ya kusamehewa sharti hilo. Ngazi ya tatu ni mahakama, ndani ya siku 30. Kwa gari lililovutwa wana kifungu kitamu zaidi: mwenye gari akiomba ndani ya siku 10, asikilizwe ndani ya saa 48, bila kuhesabu wikendi na sikukuu. Ikionekana hapakuwa na sababu halali, gharama za kuvuta na kuhifadhi zinabebwa na ofisi iliyoamuru.

Sasa, yetu. Hii ni rasimu ninayoipendekeza. Ikate, ishone upya, iwe yako.

1. Kulipa ili gari lifunguliwe au litolewe yadi si kukubali kosa, na hakumwondolei mwenye gari haki ya kupinga.

2. Kila gari linalofungwa au kuvutwa litapewa notisi kwa Kiswahili na Kiingereza, yenye mahali, saa, kosa na kifungu chake, namba ya kazi ya afisa, picha ya gari na ya kibao kilicho karibu, na maelezo ya jinsi ya kupinga.

3. Mwenye gari au dereva aweza kupinga ndani ya siku 28, bila ada, kwa kufika ofisini au kwa simu.

4. Ofisi itajibu kwa maandishi na kutoa sababu ndani ya siku 14. Isipojibu, pingamizi litahesabiwa limekubaliwa.

5. Gari likiwa bado limezuiliwa, mwenye gari akiomba atasikilizwa ndani ya saa 48, na ada ya yadi haitahesabiwa kuanzia saa alipoomba.

6. Asiyeridhika atakata rufaa kwa mtu au jopo lisilo chini ya idara ya maegesho wala ya mapato.

7. Pingamizi likikubaliwa, fedha zote zilizolipwa zitarudishwa ndani ya siku 7 kwa njia ile ile zilikolipiwa.

8. Kila miezi mitatu idara itachapisha idadi ya magari yaliyofungwa, yaliyopingwa, yaliyoshinda na fedha zilizorudishwa.

Kifungu cha kwanza ndicho roho ya jambo lote. Mombasa, kama miji mingi ya Kenya, adhabu haiji kwa posta. Inafungwa kwenye gurudumu. Ukimwambia mtu "pinga kwanza, ulipe baadaye," umemwambia aache gari barabarani wiki mbili. Na ukimwambia "ukilipa umekubali," umemnyima rufaa kwa hila. Kwa hiyo lazima kulipa na kukubali vitenganishwe, kwa maneno wazi. Ikibidi upoteze vifungu vingine vyote kwenye majadiliano, shikilia hiki na cha nne.

Cha nne kwa sababu gani? Kwa sababu tarehe ya mwisho isiyo na matokeo ni pambo. Sheria zetu zimejaa maneno "kwa haraka iwezekanavyo." Mtu aliyewahi kufuatilia faili anajua haraka iwezekanavyo ni lini. Ukiandika kwamba ukimya ni ushindi wa mwenye gari, ghafla faili hupata miguu. Watakwambia siku 14 ni chache. Sawa, pandisha hadi 21, hata 28. Usikubali kufuta sentensi ya pili.

Cha saba kina neno dogo: "kwa njia ile ile zilikolipiwa." Aliyelipa kwa simu arudishiwe kwa simu. Bila maneno hayo atapewa fomu, aambiwe alete barua ya benki, na kwa hela ndogo watu wengi watasamehe tu.

Pia ongeza orodha fupi ya sababu zinazotosha kufuta notisi, ili afisa asiye na roho ya kuamua aweze kuamua: alikuwa amelipia, alikosea herufi moja ya namba ya gari wakati wa kulipa na malipo yanaonekana, kibao hakipo au hakisomeki, gari liliharibika, lilikuwa limeibwa au limeshauzwa, alikuwa na mgonjwa wa dharura. Hilo la herufi moja litapunguza malalamiko kuliko yote, nadhani. Kidole kinateleza, pesa zinaingia, na mfumo unaona gari lisilolipiwa.

Ambacho sikukiweka ni punguzo la nusu kwa wanaolipa mapema. Kaunti italipenda, na Waingereza wanalo. Lakini kwa mtu asiye na hatia punguzo ni chambo: lipa nusu unyamaze, au pinga uhatarishe zima. Likiingizwa, sharti liwe kwamba anayepinga mapema asipoteze punguzo lake.

Mtafute nani, na usiwachanganye

Kisheria humhitaji mtu mwingine. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinasema mtu ana haki ya kuliomba Bunge la Kaunti lizingatie jambo lolote lililo katika mamlaka yake, ikiwemo kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Mtu, mmoja. Kifungu cha 88 kinakupa haki kama hiyo kwa serikali ya kaunti yenyewe, na cha 89 kinailazimu ijibu upesi.

Lakini siasa si sheria. Wawakilishi wadi wa kuchaguliwa ni 30, kutoka Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Maegesho ya kulipia yanaonekana kama shida ya Mvita tu, kumbe wanaofungwa pale mjini wametoka Jomvu na Kisauni. Basi saini zako zionyeshe wadi. Saini mia moja kutoka wadi kumi na tano zina uzito kuliko elfu moja kutoka barabara moja.

Waendee wenye maduka, kwa kuwa mteja aliyefungwa gari harudi. Waendee madereva wa teksi, tuktuk na wa pikapu za mizigo, mafundi, madaktari wenye zahanati mjini, wazee wa mtaa wa Mji wa Kale ambao mitaa yao haikujengwa kwa magari. Ongea nao barazani, kahawa ikiwa mkononi, usiwaite hotelini.

Tahadhari moja. Kila kundi litakuja na lake. Mmoja atataka Ijumaa isitozwe wakati wa swala, mwingine atataka ada ipunguzwe, wa tatu atataka tuktuk zitengewe steji. Yote yaweza kuwa ya haki. Usiyaingize humu. Ukishagusa viwango vya ada umeingia kwenye mswada wa fedha wenye masharti yake ya ziada, na mlango unaoutafuta utafunikwa na vumbi la mjadala mwingine.

Kuandika ombi rasmi

Karani wa Bunge la Kaunti ana kanuni za kudumu za bunge; mwombe ukurasa unaohusu maombi kabla ya kuandika, ufuate umbo lake neno kwa neno. Maombi mazuri hukataliwa kwa sababu ya umbo. Kwa ujumla yanatakiwa yaandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, bila kufutwafutwa, yakitaja jina na anwani yako, hatua ulizochukua kabla na majibu uliyopata, kama jambo liko mahakamani au haliko, na yamalizike kwa ombi lililo wazi. Hapa ile barua yako ya kuomba habari, yenye muhuri, inafanya kazi ya pili: inaonyesha umeshagonga mlango.

Mwisho wa ombi uandikwe hivi: "Kwa hiyo mwombaji anaomba Bunge hili tukufu, kupitia kamati husika: (a) lichunguze utaratibu uliopo wa kupinga kufungwa na kuvutwa kwa magari, (b) lipendekeze marekebisho ya sheria ya kaunti kwa kuzingatia rasimu iliyo katika ombi hili, (c) limtake waziri wa kaunti anayehusika atoe kanuni za muda wakati marekebisho yanasubiriwa." Hiyo (c) usiisahau. Kanuni hazipiti njia ndefu ya mswada, na mara nyingi ndizo zinazofika kwanza.

Siku ile ile ombi linapopokelewa, mpelekee nakala mwakilishi wadi wako, mkono kwa mkono. Mheshimiwa asiyejulishwa mapema huona ombi kama shambulio. Aliyejulishwa huliona kama kazi yake, na huenda akaleta mswada mwenyewe, kwa sababu mwakilishi yeyote anaruhusiwa kufanya hivyo.

Kalenda

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufika bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, na Mswada wa Fedha unapaswa kupitishwa ndani ya siku 90 baada ya sheria ya matumizi, ile inayoidhinisha bajeti, kupita. Kwa hiyo kati ya Julai na Septemba waheshimiwa wanazungumza mapato, na jedwali la klampu liko mezani. Ndio wakati wa kupeleka maoni yako ya ukurasa mmoja kwenye ushirikishaji wa umma. Ombi la habari lipeleke Januari au Februari, ili tarakimu ziwe mkononi kabla ya joto hilo kuanza.

Mswada ukipita, gavana ana siku 14 za kutia saini au kuurudisha na maelezo yake. Ukitiwa saini huchapishwa katika gazeti rasmi ndani ya siku 7, na kama wenyewe hausemi vingine, huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa.

Mbele ya kamati

Utapewa dakika chache. Usisimulie. Anza na tarakimu mbili kutoka kwa jibu la ofisi, mpe kila mjumbe kifungu kwenye karatasi, kisha nyamaza ungoje maswali. Swali litakalokuja bila shaka ni: "Si kila mtu atapinga, mapato yashuke?" Jibu: ada ya maegesho haiguswi. Anayerudishiwa ni yule ambaye hakupaswa kutozwa, na pesa hizo hazikuwa za kaunti tangu mwanzo. Kisha wape njia ya kutokea kwa heshima: waanze na barabara chache, kwa miezi sita, watazame. Mwanasiasa hupenda majaribio, kwani yakiharibika hayakuwa yake.

Mwingine atasema wenye magari ni matajiri. Mweleze habari ya pikapu ya samaki iliyofungwa mchana kutwa juani. Habari hiyo haihitaji maelezo zaidi.

Ikikwama

Ukipuuzwa, nenda kwa Ombudsman kwa lalamiko la kutojibiwa. Ikiwa sheria mpya ya ada imepitishwa bila watu kusikilizwa, jua kwamba mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 katika kesi ya Robert Gakuru na wenzake dhidi ya gavana wa kaunti hiyo. Jaji Odunga alisema kaunti zitumie njia nyingi iwezekanavyo kuwafikia watu: makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza na redio. Kesi hiyo imetajwa mara nyingi tangu hapo, na mwanasheria wa kaunti yeyote anaijua. Kuitaja tu kwenye barua, kwa adabu, mara nyingi kunatosha kufanya mkutano wa pili uitishwe. Mahakama yenyewe iwe ya mwisho. Ni ghali, ni ndefu, na chini ya ile Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 utaulizwa kama ulimaliza kwanza njia za ndani.

Sheria ikishapita

Wiki ya kwanza, mtu wa kwanza mwenye hoja nzuri apinge, hata kama ni kwa hela ndogo. Mpelekeeni pingamizi lake kwa nakala mbili, lipigwe muhuri, siku zihesabiwe kwenye kalenda ya ukutani dukani. Siku ya 15 ikifika kimya, andikeni barua ya mistari mitatu mkitaja kifungu cha nne na kuomba marejesho ndani ya siku 7. Baada ya miezi mitatu ulizeni tarakimu za kifungu cha nane, na zisipochapishwa, lile ombi la habari la siku 21 mnalo tayari. Badilisheni tarehe tu.